Waandishi Mkutanoni: Makerere, Karatina na Doldol

Makala haya yanahusu mikutano na matamasha ambamo waandishi huketi mbele ya hadhira wakasikilizwa. Wanaoandika historia ya mikutano hiyo katika Afrika ya Mashariki aghalabu huianzia Makerere, mwezi wa Juni 1962, wala hatuna ugomvi nao kwa hilo. Hata hivyo nitaanzia Doldol, mji mdogo wa Laikipia ulio kaskazini ya Nanyuki, kwenye njia inayouacha Mlima Kenya mgongoni na kuingia nchi kavu. Sababu ni kwamba karibu na Doldol, yapata miaka thelathini kabla ya Makerere, watu walikusanyika vilevile kwa ajili ya jambo la lugha; na mikutano hiyo miwili ikiwekwa pamoja hutueleza mengi kuliko ikitazamwa mmoja mmoja.

Wenyeji wa zamani wa msitu wa Mukogodo ni Wayaaku. Walikuwa wawindaji na wafuga nyuki, wakikaa katika mapango ya majabali, na mahari yao yalilipwa kwa mizinga ya nyuki. Lugha yao, Kiyaaku, ni tawi la Kikushi cha Mashariki. Kwa hiyo ina udugu na Kisomali na Kirendile, wala haina udugu na Kimaasai kilichoizunguka. Mabadiliko yaliletwa na siasa ya ardhi. Kwa mkataba wa 1904 Wamaasai waliondolewa Bonde la Ufa, baadhi yao wakapelekwa Laikipia. Kwa mkataba wa 1911 hao wa Laikipia nao wakahamishwa kwenda kusini ili walowezi wapate mashamba. Wafugaji wasemao Kimaasai waliosalia kaskazini walijikuta wakisongamana na Wayaaku katika eneo la Mukogodo. Wakaanza kuoana. Binti wa Kiyaaku alipoolewa na wafugaji, baba yake alipokea ng'ombe. Na kijana wa Kiyaaku asiye na ng'ombe hakupata mke hata kwao mwenyewe, kwa kuwa wenye mabinti hawakuitaka tena mizinga. Katika miaka ya 1920 na 1930 jamii nzima ikatoka mapangoni ikawa jamii ya wafugaji.

Katika maandishi ya wataalamu waliochunguza kufa kwa lugha imesimuliwa kwamba katika miaka hiyo ya 1930 ulifanyika mkutano wa hadhara msituni, ikaamuliwa Kiyaaku kiachwe na watoto walelewe kwa Kimaasai. Ni simulizi la ajabu. Lugha kwa kawaida hufa bila kikao: mama mmoja huacha kuisema kwa mwanawe, kisha jirani yake, kisha mtaa mzima. Inawezekana kabisa kwamba mkutano ule haukuamua kitu, bali ulitangaza tu yale ambayo mahari yalikwisha kuyaamua. Yamkini mashauri yenyewe yalisemwa kwa Kiyaaku, kwa kuwa ndiyo lugha waliyokuwa nayo wazee. Ikiwa ni hivyo, basi huo ulikuwa usemi mzito wa Kiyaaku, uliotumiwa kukiaga Kiyaaku chenyewe.

Sasa twende Makerere. Mkutano wa Juni 1962 uliitwa Mkutano wa Waandishi wa Kiafrika Watumiao Kiingereza. Uliandaliwa na klabu ya Mbari ya Ibadan pamoja na idara ya masomo ya nje ya Chuo cha Makerere, nao uligharamiwa na Kongamano la Uhuru wa Utamaduni, lililokuwa na makao Paris na ambalo shughuli zake za Afrika ziliongozwa na Ezekiel Mphahlele. Baadaye, katika miaka ya 1966 na 1967, ilifichuliwa kwamba fedha za Kongamano hilo zilitoka katika shirika la ujasusi la Marekani, yaani CIA, jambo ambalo wengi wa waandishi waliohudhuria hawakulijua. Walikuwako Chinua Achebe, Wole Soyinka, Christopher Okigbo na J. P. Clark kutoka Nigeria. Lewis Nkosi na Bloke Modisane kutoka Afrika ya Kusini. Na kutoka ng'ambo ya bahari alikuja Langston Hughes. Miongoni mwa Wakenya walikuwamo Grace Ogot, Rebeka Njau, Jonathan Kariara, na mwanafunzi wa Makerere kwa jina James Ngugi, ambaye kibali chake cha kuingia kilikuwa hadithi fupi mbili zilizokwisha chapwa. Ngugi alikuwa na mswada wa riwaya, akaupeleka kwa Achebe ausome. Mswada huo ndio uliokuja kuwa *Weep Not, Child* mwaka 1964.

Nalitaja jambo hili la mswada kwa sababu ndilo linaloonyesha faida ya mikutano ya namna hii. Kijana aliyekuwa akimsoma Achebe kitabuni alimwona, akamsikia akizungumza, akampa kazi yake mkononi, na matokeo yake yakaingia katika historia ya fasihi. Hakuna maktaba iwezayo kufanya hivyo. Kwa hiyo anayeuliza ni nani aliyekuwamo na ni nani aliyekosekana ukumbini haulizi swali la heshima tu. Anauliza ni vijana gani waliopata kumpa nani mswada wao.

Nani basi aliyekosekana? Ngugi mwenyewe aliuliza swali hilo katika *Decolonising the Mind*, mwaka 1986, na jibu lake lajulikana na kila msomaji wa jarida la lugha: Shaaban Robert hakuweza kualikwa. Alikuwa hai, alikuwa ndiye mshairi mkubwa kuliko wote katika Afrika ya Mashariki, alikwisha toa *Kusadikika* tangu 1951, na alikuwa Tanganyika, si mbali na Kampala. Lakini hakuwa mwandishi atumiaye Kiingereza. Alifariki tarehe 20 Juni 1962, mwezi uleule wa mkutano. Vivyo hivyo D. O. Fagunwa, mwandishi wa Kiyoruba, hakustahili kwa kipimo hicho.

Mfano huu wa Shaaban Robert umerudiwa mara nyingi hata umekuwa kama desturi ya kila mhadhara, na nadhani umetufanya tusahau wa pili aliye jirani zaidi na mahali tunapopazungumzia. Gakaara wa Wanjaũ, wa Karatina katika wilaya ya Nyeri, alizaliwa 1921. Tangu miaka ya 1940 alikuwa akiandika, akichapisha na kuuza vitabu vyake kwa Kigikuyu, na kwa Kiswahili aliandika *Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika*. Mwaka 1952 alikamatwa akazuiliwa kwa miaka mingi kwa sababu ya maandishi hayo, zikiwamo nyimbo alizozichapisha. Alipoachiliwa alirudi katika kazi ileile ya uchapishaji. Mtu huyu, ambaye kwa kalamu yake alilipa bei kubwa kuliko karibu kila mmoja wa wale waliokaa ukumbini, asingeweza kualikwa Makerere kwa kanuni ile. Ilimlazimu kungoja hadi 1984, alipopewa tuzo ya Noma kwa *Mwandĩki wa Mau Mau Ithaamĩrio-inĩ*, kumbukumbu za kizuizini alizozichapisha mwaka uliotangulia. Hapo ndipo wasomi walipoanza kufunga safari ya Karatina kumsikiliza. Alifariki 2001.

Mwaka mmoja baada ya Makerere, Obi Wali aliandika katika jarida la *Transition*, lililotolewa Kampala, kwamba njia hiyo ya Kiingereza haitaifikisha fasihi ya Kiafrika popote. Ubishi uliozuka haujaisha. Achebe alijibu, mwaka 1965, kwamba Kiingereza ndicho kilichowawezesha Waafrika wa nchi mbalimbali kuzungumza pamoja, na kwamba mkutano ule ulijaribu kuieleza maana ya fasihi ya Kiafrika ukashindwa. Ni haki kukiri nguvu ya hoja yake. Mnigeria na Mkenya wangezungumza kwa lugha gani? Udhaifu wa mkutano, kwa maoni yangu, haukuwa kwamba wajumbe walisemezana kwa Kiingereza. Ulikuwa kwamba lugha ya mazungumzo ya ukumbini ilifanywa pia kuwa kipimo cha uandishi. Hayo ni mambo mawili, na wafasiri wawili watatu wangetosha kuyatenganisha.

Tena, wazo kwamba mtunzi aje kusikilizwa na watu halikuletwa kwetu na Makerere. Katika nchi ya Wagikuyu kulikuwa na gĩcandĩ. Watunzi wawili walishindana hadharani, kila mmoja akiwa na kibuyu chake kilichotiwa mbegu na kuchorwa alama, na alama hizo zilimsaidia kukumbuka beti na mpangilio wake. Mmoja alitoa fumbo, wa pili akalifumbua na kutoa lake, na aliyeshindwa alinyang'anywa kibuyu. Padre Vittorio Merlo Pick, wa shirika la Consolata lililoingia Nyeri mapema mwanzoni mwa karne ya 20, aliyachapa mafumbo hayo mwaka 1973, na utungo wenyewe una beti zaidi ya 100. Kwa upande wa pwani hatuna haja ya kueleza sana: malumbano ya Lamu na Mombasa wakati wa vita vya Shela, na jinsi Muyaka bin Haji na mahasimu wake walivyorushiana mashairi, ni mambo yafundishwayo kila mwaka. Kimani Njogu, katika kitabu chake cha 2004 juu ya ushairi kama majibizano, ameziweka mila hizi mbili pamoja, ya gĩcandĩ na ya kujibizana, akaonyesha kwamba katika zote mbili shairi halikamiliki hadi lipate jibu.

Tunaloweza kuongeza ni juu ya hadhira. Katika gĩcandĩ na katika malumbano msikilizaji hakuja kumstaajabia mtunzi. Alikuja kuamua. Alijua lugha kwa kiasi cha kumkamata mtunzi aliyeteleza, na kicheko chake kilikuwa hukumu. Ukilinganisha na tamasha la siku hizi, ambamo mwandishi huulizwa maswali ya upole kwa dakika kumi za mwisho, ni dhahiri kwamba kiti cha hadhira kimeshushwa. Hadhira iliyoijia lugha ya kigeni haiwezi kuhukumu. Yaweza kupiga makofi tu.

Palitokea majaribio ya kukirudisha kiti hicho. Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la 1967, malenga wa UKUTA walikwenda kwa watu na ngonjera za Mathias Mnyampala. Ngonjera zimelaumiwa, na kwa haki, kwamba mara nyingi jibu hujulikana kabla ya swali. Lakini zilisikika kwa lugha ambayo hadhira iliimiliki. Jaribio kubwa zaidi lilikuwa la Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1977. *Ngaahika Ndeenda* ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ ilifanyiwa mazoezi mbele ya wanakijiji, nao wakawasahihisha waandishi: mzee hasemi hivi, wimbo huu hauimbwi hivyo. Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba. Kibali kikaondolewa tarehe 16 Novemba. Na siku ya mwisho ya mwaka Ngũgĩ akakamatwa. Riwaya aliyoiandika gerezani, *Caitaani Mũtharaba-inĩ*, ilipotoka 1980 ilisomwa kwa sauti majumbani na katika vilabu vya pombe, kama yeye mwenyewe alivyoeleza. Yule kijana wa Makerere alikuwa amefika kwa hadhira iliyoweza kumkatiza katikati ya sentensi.

Matamasha ya miaka ya karibuni nayapitia upesi. Kwani? na Storymoja waliyaanzisha Nairobi katika miaka ya 2000, na Macondo likafuata 2019 likiwaleta waandishi wa Afrika itumiayo Kireno. Yamefanya kazi njema, na vijana wengi wamepata humo kile alichokipata Ngũgĩ kwa Achebe. Lakini karibu yote yamekuwa ya mji mkuu, na Kiingereza kimekuwa ndicho lugha ya jukwaa. Fedha za wafadhili nazo zina sauti yake: mfadhili hupenda kulielewa analolilipia.

Tamasha moja halina budi kukumbukwa kwa namna ya pekee. Septemba 2013 Kofi Awoonor wa Ghana alikuja Nairobi kuwa mgeni wa Storymoja. Jumamosi tarehe 21 aliuawa katika shambulio la Westgate, akiwa na umri wa miaka 78. Jioni ileile alikuwa asome mashairi yake. Anatajwa katika orodha za waliokuwako Makerere 1962, alipokuwa bado akiitwa George Awoonor-Williams. Aliandika kwa Kiingereza, lakini alikuwa ameanza kwa kuwasikiliza waimbaji wa maombolezo wa Kiewe, na mwaka 1974 alitoa *Guardians of the Sacred Word*, ambamo alitafsiri tungo za malenga wa Kiewe. Aliwataja kwa majina, Akpalu, Dunyo na Ekpe, akaeleza maisha na usanii wa kila mmoja kama aelezwavyo mwandishi yeyote. Hilo ni jambo dogo kwa macho, na wengi wetu hatujalifanya. Mara ngapi jina la mkusanyaji huandikwa jaladani, na la msimulizi huachwa katika aya ya mwisho ya dibaji, kama si kuachwa kabisa?

Hapo ndipo tunaporudi Doldol. Mwanafunzi wa sekondari wa huko, kama mwenzake wa kila pembe ya Kenya, alitahiniwa kwa miaka kadhaa katika riwaya ya Henry ole Kulet, *Blossoms of the Savannah*, iliyopata tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 2009. Ole Kulet, aliyefariki 2021, alikuwa Mmaasai aliyeandika juu ya Wamaasai. Basi mtoto wa Doldol alimsikia mwandishi wa lugha ya mama yake kwa Kiingereza, akamjibu kwa Kiingereza katika karatasi ya mtihani. Na bibi ya mtoto huyo, ikiwa ni Myaaku, huenda aliwahi kusikia lugha nyingine kabisa chini ya Kimaasai hicho. Wataalamu wameonyesha kwamba Kimaasai cha Mukogodo kimehifadhi maneno ya Kiyaaku, hasa katika mambo ya nyuki na mimea ya msitu. Ng'ombe walikuja na msamiati wao. Asali ilibaki na wake.

Bernd Heine alichapisha maelezo ya Kiyaaku katikati ya miaka ya 1970, wakati ambapo wasemaji walikuwa wachache. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Wayaaku wenyewe walianza juhudi za kuirudisha lugha, na wataalamu wa Leiden, akiwamo Maarten Mous, wakaja Doldol kuchunguza yawezekana kwa kiasi gani. Waliwakuta wazee wachache mno wawezao kuisema. Vijana waliokuwa wakitaka kujifunza walikuwa wengi zaidi ya waliokuwa na la kuwafundisha.

Nayataja haya mbele ya wanazuoni wa Kiswahili kwa kusudi. Tumelaumu Makerere kwa miaka mingi, na lawama zetu ni za haki. Lakini huko Doldol Kiswahili ni lugha ya duka, ya shule, ya kituo cha polisi na ya ofisi ya chifu. Ni lugha ya wenye nguvu, wa pili baada ya Kiingereza. Kongamano la Kiswahili likifanywa Nyeri au Nanyuki, na mlango wake ukawa ni kitabu kilichochapwa kwa Kiswahili, mzee wa Kiyaaku atakosekana kama alivyokosekana Shaaban Robert, na kwa kanuni ileile. Azimio la Asmara la Januari 2000 lilidai usawa wa lugha zote za Kiafrika, si wa zile kubwa peke yake, na walioliunga mkono ni pamoja na watu wa taaluma yetu.

Je, mzee huyo ni mwandishi? Pio Zirimu, wa Makerere, alibuni neno la Kiingereza la kuipa fasihi simulizi hadhi yake, na sisi tumefundisha vizazi kadhaa kwamba fasihi simulizi ni fasihi. Basi na tuyakubali yanayofuata. Asimuliaye kisa cha uwindaji kwa mpangilio wake, kwa maneno yake na kwa mbinu zake ni mtunzi. Aalikwe kwa jina, alipwe kama wengine walipwavyo, na simulizi lake likichapwa jina lake likae jaladani.

Ugumu uliobaki ni wa hadhira, nao ni mkubwa kuliko ule wa Kamĩrĩĩthũ. Wanakijiji wa Limuru walikijua Kigikuyu kuliko waandishi. Mtunzi wa Kiyaaku anaposimama Doldol, wajukuu wake mwenyewe hawamwelewi. Kwa hiyo kikao cha namna hiyo chahitaji wafasiri wawili: wa kwanza atoe kwa Kimaasai, kwa ajili ya wenyeji walioketi mbele, ndipo wa pili atoe kwa Kiswahili, kwa ajili ya wageni. Utaratibu usigeuzwe, maana tukitanguliza Kiswahili mzee atakuwa anawasimulia wageni huku wajukuu wakingoja zamu. Saa moja haitatosha kwa kisa kimoja. Mfasiri wa pili atapatikana bila taabu katika chuo chochote; wa kwanza ni lazima awe kijana wa Mukogodo aliyekaa na wazee muda mrefu, na wazee wenyewe wamebaki wachache.